MTU MMOJA, VITI VIWILI

Kwa nini sheria za nchi nyingi zakataza kushika vyeo viwili vya kuchaguliwa kwa wakati mmoja



Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili husikika chini ya miembe na nje ya kanisa baada ya Misa: "Huyu bwana ni hodari, ana elimu, tena twamwamini. Kwa nini tusimpe vyote viwili, hiki na kile?" Mwingine hujibu kwamba sheria haikubali. Ndipo wa tatu huuliza: "Na kwa nini sheria iwazuie watu kumpa cheo wamtakaye? Kura si yetu?"

Swali hilo ni jema, wala halifai kupuuzwa. Watu wengi hudhani kwamba sheria za namna hii zilitungwa kwa wivu tu, ili mtu mmoja asipate mishahara miwili. Mshahara ni jambo mojawapo, lakini si kubwa. Jambo kubwa ni hili: kiti cha kuchaguliwa si mali ya mtu anayekikalia. Ni mali ya watu waliomtuma. Mtu mmoja akikalia viti viwili, mara nyingi kimoja hubaki kitupu, na wenye kiti kile kitupu ndio wanaopata hasara, hata kama mtu wao ni mwema na hodari.

Basi tuone mambo yalivyotokea mahali mbalimbali, kisha tutazame ya kwetu.

NJIA MBILI ZILIMSHINDA FISI

Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nayo Maandiko Matakatifu yatupa mifano miwili inayofaa kukumbukwa.

Wa kwanza ni wa Musa. Katika kitabu cha Kutoka twasoma jinsi alivyokaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu wote peke yake. Mkwewe Yetro alipomwona hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba anajichosha bure, na anawachosha watu wanaosimama kutwa wakimngoja. Akamshauri achague watu waaminifu, agawanye kazi.

Wa pili ni wa Mitume. Wajane fulani walipolalamika kwamba wanasahauliwa wakati wa kugawiwa chakula, Mitume hawakusema, "Tutafanya yote mawili." Waliwaambia ndugu wachague watu saba wa kuhudumu mezani, ili wao wenyewe wakae katika sala na kulihubiri Neno. Mitume hawakukosa uwezo wa kugawa chakula. Walijua tu kwamba kazi ile yastahili watu wake.

Angalia, msomaji: katika mifano yote miwili waliolalamika au kuumia ni watu wadogo, yaani wanaosimama foleni na wajane. Mkubwa mwenye kazi nyingi huchoka, ndiyo, lakini anayekosa huduma ni mdogo.

KANISA LILIJIFUNZA KWA UCHUNGU

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wanasiasa peke yao. Kanisa letu pia liliugua, tena vibaya sana.

Katika karne ya 15 na ya 16 lilikuwa jambo la kawaida huko Ulaya mtu mmoja kuwa askofu wa mahali pawili au patatu. Alipokea mapato ya kila mahali, lakini pengine miaka ilipita waumini wasimwone hata mara moja. Mfano unaojulikana mno ni wa Albrecht wa Brandenburg, huko Ujerumani. Mwaka 1513 alifanywa askofu mkuu wa Magdeburg, na juu ya hayo akakabidhiwa usimamizi wa Halberstadt. Mwaka uliofuata, 1514, akapata na uaskofu mkuu wa Mainz. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu.

Sheria ya Kanisa haikuruhusu hivyo. Ilibidi apate ruhusa ya pekee kutoka Roma, na ruhusa hiyo ilitozwa fedha nyingi. Albrecht akakopa kwa matajiri wa nyumba ya Fugger. Ili deni lilipwe, ikakubaliwa kwamba sehemu ya sadaka zilizotolewa na watu kwa ajili ya rehema zimwendee yeye, na sehemu iende kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Mahubiri ya rehema zile ndiyo yaliyomkasirisha Martin Luther, na mwaka 1517 alimwandikia Albrecht huyo huyo barua ya malalamiko. Mafarakano ya Kanisa yalikuwa na sababu nyingi, wala hatuwezi kuzieleza zote hapa. Hata hivyo hapana shaka kwamba mojawapo ya mbegu zake ilikuwa hii: mtu mmoja kutaka viti vitatu.

Kanisa lilijitibu. Mtaguso Mkuu wa Trento, uliofanyika kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563, uliamuru kwamba askofu akae katika jimbo lake pamoja na watu wake, tena mtu mmoja asilimbikize vyeo vya kuchunga roho. Mtakatifu Karoli Borromeo alionyesha maana yake kwa matendo. Alikuwa mpwa wa Baba Mtakatifu Pio wa Nne, akawa Kardinali akiwa kijana wa miaka 21, na huko Roma alikuwa na vyeo na heshima tele. Mwaka 1565 alikwenda Milano kukaa na waumini wake. Kwa muda wa miaka kama 80 mji ule haukuwa umepata askofu mkuu anayekaa hapo. Fikiri, msomaji: mtoto aliweza kuzaliwa, kukua, kuzeeka na kufa bila mchungaji wake kukaa naye.

Mpaka leo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakataza mtu kupewa vyeo viwili visivyoweza kutimizwa pamoja na mtu mmoja. Yaagiza paroko awe na parokia moja, isipokuwa upungufu wa mapadre ukilazimisha apewe parokia jirani pia. Yamtaka akae karibu na kanisa lake. Tena yawakataza mapadre kushika vyeo vya serikali vyenye mamlaka juu ya raia. Sheria hizi hazikutungwa kwa kutowaamini mapadre. Zilitungwa ili mgonjwa anayeita usiku apate mtu wa kumjibu.

UFARANSA: MEYA, MBUNGE, TENA WAZIRI MKUU

Sasa tuje kwenye vyeo vya serikali. Nchi iliyosifika kuliko nyingine kwa kulimbikiza vyeo vya kuchaguliwa ni Ufaransa.

Ufaransa ina wilaya ndogo ndogo zipatazo 35,000, na kila moja, hata ikiwa kijiji cha watu mia mbili, ina meya wake na baraza lake. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba mwanasiasa huanza kwa kuwa meya wa mji wake, kisha huchaguliwa kuwa mbunge, lakini umeya hauachi. Jacques Chaban-Delmas alikuwa meya wa Bordeaux tangu mwaka 1947 hata 1995. Katika muda huo huo alikuwa mbunge, akawa Spika wa Bunge zaidi ya mara moja, na tangu 1969 hata 1972 akawa Waziri Mkuu. Pierre Mauroy alikuwa Waziri Mkuu kati ya 1981 na 1984 huku akiwa meya wa Lille. Jacques Chirac alikuwa meya wa Paris tangu 1977 hata 1995, na alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1986 hata 1988 umeya alibaki nao. Tena kiti chake cha ubunge hakikuwa cha Paris. Kilikuwa cha Corrèze, sehemu ya mashambani mbali na mji mkuu.

Desturi hii ilivuka bahari. Nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Ufaransa zilipeleka wabunge Paris baada ya vita vya mwaka 1945, nao waliiga mtindo ule. Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire alikuwa mbunge huko Paris. Mwaka 1956 akawa meya wa Abidjan, na mwaka huo huo akaingia katika baraza la mawaziri la Ufaransa. Léopold Sédar Senghor, Mkatoliki na mwalimu, alikuwa mbunge wa Senegal huko Paris, na mwaka 1956 akawa pia meya wa mji wa Thiès. Kati ya kiti kimoja na kingine kulikuwa na maelfu ya kilomita.

Je, Wafaransa walikuwa wajinga kukubali hivyo? Hapana. Walikuwa na sababu zao, na yafaa tuzisikilize. Walisema kwamba meya anajua mahali bomba la maji lilipopasuka na ni shule gani inayovuja. Mtu huyo akiingia Bungeni hasemi maneno ya hewani. Tena walisema kwamba mji wenye meya aliye mbunge hupata fedha upesi, kwa sababu mtu wao yu karibu na mawaziri.

Lakini tazama sababu hiyo ya pili kwa makini. Ikiwa mji wenye meya mkubwa hupata fedha upesi, basi mji wenye meya mdogo hungoja. Daraja hujengwa kwa sababu ya jina la mtu, si kwa sababu ya haja ya watu. Kadhalika Bunge lilikuwa likikaa na viti vitupu, maana wabunge wengi walirudi miji yao kushughulikia umeya. Nako mjini kazi ya meya ilifanywa na wasaidizi ambao mara nyingi wananchi hawakuwajua.

Wafaransa walianza kurekebisha jambo hili kidogo kidogo. Katiba yao ya mwaka 1958 ilikuwa imekwisha kukataza waziri kuwa mbunge kwa wakati mmoja. Mbunge akiwa waziri, kiti chake hukaliwa na mtu aliyechaguliwa pamoja naye kuwa mbadala. Sheria ya tarehe 30 Desemba 1985 iliweka mpaka: mtu asishike zaidi ya vyeo viwili vikubwa vya kuchaguliwa. Mwaka 2000 mpaka huo ulikazwa. Hata hivyo zaidi ya nusu ya wabunge waliendelea kuwa na cheo kingine nyumbani. Ndipo ikaja sheria ya tarehe 14 Februari 2014, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Hiyo yakataza kabisa mbunge au seneta kuwa meya, naibu meya, au mkuu wa baraza la mkoa. Yamruhusu abaki mjumbe wa kawaida wa baraza la mji wake, ili asikie shida za watu, lakini uongozi wa mji amwachie mwingine.

Mwaka ule 2017 mameya wengi walilazimika kuchagua kimoja. Wako waliouacha umeya wakaenda Bungeni, na wako waliosema, "Mimi nabaki na mji wangu." Mpaka leo wapo wanaosema kwamba sheria ile imewafanya wabunge kuwa wageni katika miji yao, nao wanataka ilegezwe. Kwa hiyo ubishi haujakwisha.

JIRANI ZETU WA KENYA

Kenya ilikuwa na kanuni ambayo kwa wengine ni ya ajabu. Kwa Katiba ya zamani, mtu hakuweza kuwa Rais wa nchi asipokuwa pia mbunge wa jimbo fulani. Kwa hiyo Mzee Jomo Kenyatta alikuwa Rais na pia mbunge wa Gatundu. Daniel arap Moi alikuwa Rais na mbunge wa Baringo, na Mwai Kibaki alikuwa Rais na mbunge wa Othaya, katika Nyeri.

Jiulize, msomaji: mwananchi wa Othaya aliyetaka mbunge wake asimame Bungeni na kumwuliza waziri kwa nini zahanati haina dawa, alikuwa na nani wa kusimama? Waziri huyo aliteuliwa na mbunge wake mwenyewe. Labda aliona barabara nzuri, na jirani zake walimwonea wivu. Lakini sauti ya kuuliza hakuwa nayo. Na yule wa jimbo la mbali alikuwa na haki ya kunung'unika kwamba Rais wa wote ni mbunge wa wachache.

Wakenya walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na Katiba mpya ikatangazwa tarehe 27 mwezi huo huo. Katiba hii yasema wazi katika Ibara ya 131 kwamba Rais asishike cheo kingine chochote cha umma. Naibu wake vivyo hivyo. Mawaziri hawaruhusiwi kuwa wabunge. Mjumbe wa baraza la kaunti hawezi kuwa mbunge. Hata Spika wa Bunge hutafutwa nje ya wabunge. Siku ya uchaguzi mkuu Mkenya hupewa karatasi sita za kura: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake, na ya mwakilishi wa wadi. Viti sita, watu sita.

Kanuni hii ina gharama yake. Zamani Kibaki alishindwa urais mwaka 1992 na tena 1997, lakini kwa kuwa alikuwa na kiti cha Othaya, alibaki Bungeni, akawa kiongozi wa upinzani, na mwaka 2002 akashinda. Mwaka 2013, chini ya kanuni mpya, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua na Peter Kenneth waligombea urais wakakosa, wote wakabaki nje ya Bunge. Watu wenye ujuzi wa miaka mingi wakapotea Bungeni kwa siku moja. Hilo ni hasara, lazima tukubali.

Lakini tuone na faida yake. Mwaka 2022 Rais William Ruto alipounda serikali yake, aliwateua baadhi ya waliokwisha kuchaguliwa, kama Aden Duale, mbunge wa Garissa Township, Alice Wahome, mbunge wa Kandara, na Kipchumba Murkomen, seneta wa Elgeyo Marakwet. Wote watatu walilazimika kuviacha viti vyao kabla ya kuwa mawaziri, na uchaguzi mdogo ukafanywa mwanzoni mwa mwaka 2023. Watu wa Garissa, wa Kandara na wa Elgeyo Marakwet hawakuambiwa, "Furahini, mtu wenu ni waziri, hayo yatosha." Walipewa kura tena, wakamchagua mtu mwingine wa kuwasemea.

NA SISI TANZANIA?

Hapa kwetu kanuni ni mchanganyiko, na Mkristo anayepiga kura yampasa azijue.

Rais wetu si mbunge wa jimbo lolote. Makamu wa Rais naye, kwa Katiba, hawezi kuwa wakati huo huo Mbunge, wala Waziri Mkuu, wala Rais wa Zanzibar. Jambo hilo la mwisho lina historia yake. Nchi zetu mbili zilipoungana mwaka 1964, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano. Waliomfuata Zanzibar walikuwa na kofia mbili vivyo hivyo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, watu waliona hatari: itakuwaje Rais wa Muungano akitoka chama kimoja, na Rais wa Zanzibar akitoka chama kingine? Msaidizi wa Rais atakuwa mpinzani wake! Kwa hiyo Katiba ilibadilishwa, na tangu uchaguzi wa mwaka 1995 Makamu huchaguliwa pamoja na Rais kama mgombea mwenza. Wa kwanza kuchaguliwa hivyo alikuwa Dk. Omar Ali Juma.

Kwa upande mwingine, kwetu waziri ni lazima awe mbunge. Ndivyo isemavyo Ibara ya 55 ya Katiba, na Waziri Mkuu lazima awe mbunge aliyechaguliwa na watu wa jimbo. Huu ni urithi wa mtindo wa Uingereza, ambako mawaziri huketi Bungeni ili wabunge wawaulize uso kwa uso. Ni faida. Lakini jimbo lenye waziri lina mbunge asiyeweza kusimama kuipinga serikali, kwa maana yeye ni serikali. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza katika rasimu yake ya mwaka 2013 kwamba mawaziri wasiwe wabunge. Rasimu hiyo haikufika kuwa sheria.

Kadhalika kuna viti viwili ambavyo sheria yetu yenyewe imevifunga pamoja. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake. Tena Ibara ya 66 ya Katiba yasema kwamba Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lichague watu watano miongoni mwa wajumbe wake waingie pia katika Bunge la Muungano. Watu hao watano wana viti viwili kwa amri ya Katiba.

Je, sheria yajipinga yenyewe? Sivyo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo.

DARAJA NA MZIGO

Kuna viti viwili vilivyo kama daraja, na kuna viti viwili vilivyo kama mizigo miwili juu ya kichwa kimoja.

Mbunge aketipo na madiwani hana kazi ya kuiongoza halmashauri. Kazi yake ni kusikia. Diwani wa kata ya mbali anasema kwamba kisima kimekauka na fedha za halmashauri hazitoshi. Mbunge anayasikia maneno hayo, anayapeleka Dodoma. Wale watano wa Zanzibar vivyo hivyo huvusha maneno kutoka baraza moja mpaka jingine. Hiyo ni kazi ya daraja. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2014 nayo ilifuata njia hiyo hiyo: mbunge asiwe meya, lakini aweza kubaki mjumbe wa kawaida wa baraza la mji.

Mzigo wa pili ni kitu kingine. Kuongoza mji ni kazi ya kutwa, na kutunga sheria za nchi ni kazi ya kutwa. Mtu hana siku mbili katika siku moja. Hata daraja nalo halikosi taabu: kila mwaka kikao cha bajeti huwaweka wabunge Dodoma tangu Aprili hata Juni, na baraza la madiwani likikutana wakati huo, mbunge atakuwa wapi?

Tena lipo jambo zito kuliko wakati. Viti vingine vimewekwa ili kimoja kikichunge kingine. Bunge huichunga serikali. Baraza huwachunga wanaotumia fedha za halmashauri. Mtu mmoja akishika fimbo na pia akawa mwenye kuchungwa, ni nani atakayemwambia ukweli? Hata mtu mwaminifu hawezi kujikagua mwenyewe. Nyumbani kwetu twalijua hilo: anayepima mahindi ya kuuza si yeye anayeandika hesabu peke yake.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Basi, msomaji mpenzi, siku moja utasikia watu wakishauriana kumpa mtu mmoja viti viwili, iwe katika serikali ya kijiji, katika halmashauri, au juu zaidi. Kwanza uliza sheria yasemaje. Maofisa wa uchaguzi na watendaji wa kata wana wajibu wa kukueleza. Sheria ikikataza, neno limekwisha. Ikinyamaza, uliza maswali haya matatu.

La kwanza: mikutano ya viti hivi viwili ikiangukia siku moja, atakwenda wapi? Akijibu kwamba atamtuma mtu, uliza ni nani, na aliyemchagua mtu huyo ni nani.

La pili: je, kiti kimoja chapaswa kukichunga kingine? Ikiwa ndivyo, usimpe vyote viwili hata akiwa ndugu yako, hata akiwa mtu mtakatifu. Kumzuia hapo si kumtukana, bali ni kumkinga na majaribu.

La tatu: je, kijijini hapa hakuna mtu mwingine? Mara nyingi twasema "hakuna" kwa sababu hatujatazama. Yuko mama anayeongoza jumuiya yake kwa utaratibu mzuri, na hajawahi kuulizwa. Yuko kijana aliyesoma na kurudi, anayeandika mihutasari ya wengine. Yuko mkulima asiyesema sana, lakini kila mkopo amelipa kwa siku yake. Kila mara mtu mmoja anapokalia viti viwili, mmoja wa watu hawa anabaki hajajaribiwa. Na yule hodari wetu akifa au akizeeka, tutajikuta hatuna mtu aliyejifunza kazi.

Nalo ni neno kwa wale wanaoombwa kushika viti viwili. Kushangiliwa ni kutamu, na kukataa ni kugumu. Lakini Mtakatifu Karoli alipotoka Roma kwenda Milano hakupungukiwa kitu mbele ya Mungu. Alipata watu wa kuwatumikia kwa moyo wote. Mtu asemaye, "Nimekwisha pewa kazi moja, mpeni mwenzangu hiyo nyingine," huyo ametoa huduma mbili kwa mara moja: ameilinda kazi yake, na amemfungulia mwenzake mlango.

Kura ni amana. Tuitumie ili kila kiti cha watu kiwe na mtu wake, tena mtu anayekikalia kweli.